Bahasha za Mzee wa Ghorofa ya Nne

Jirani yangu wa ghorofa ya nne ana kadi ya benki, lakini kadi hiyo haitembei. Inakaa kwenye kabati la jikoni na hutoka mara moja kwa mwezi, pensheni ikishaingia. Kodi ya nyumba na umeme hukatwa huko huko benki, hilo hana namna. Zinazobaki anazitoa zote kwenye mashine, anarudi nazo nyumbani, anazigawa kwenye bahasha: chakula, dawa, bustani, wajukuu, na bahasha moja isiyoandikwa kitu ambayo sijamuuliza ni ya nini. Dukani anahesabu sarafu moja moja, foleni inamngoja nyuma, naye hana haraka hata chembe.

Si mtu wa kuogopa mashine. Alikuwa mhandisi kiwandani, sasa amevuka miaka themanini, na redio ya mbao aliyoinunua ujanani ameifungua na kuitengeneza kwa mikono yake hadi leo inalia. Simu ya kisasa anayo, anaitumia kuwatazama wajukuu walioko Stuttgart. Ila ukimwambia alipie mkate kwa simu hiyo, mazungumzo yamekwisha.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukaja kuishi huku Ujerumani tuna utani wetu juu ya watu wa namna hii. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, Tanzania ikafuata mwaka mmoja baadaye, na leo muuza samaki wa soko la Darajani, Unguja, anapokea pesa kwa simu bila kuuliza mara mbili. Mjerumani, fundi wa magari anayesifiwa dunia nzima, ana duka la mikate lenye kibandiko mlangoni: pesa taslimu tu. Wakati wa korona idara za afya hapa zilikuwa bado zinapokea majibu ya vipimo kwa faksi. Benki Kuu ya Ujerumani hupima kila baada ya muda jinsi watu wanavyolipa. Mwaka 2017 malipo 74 katika kila 100 yalikuwa ya pesa taslimu, mwaka 2021 yakawa 58, mwaka 2023 yakawa 51. Yanashuka, lakini mwaka huo bado yalikuwa nusu nzima. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp mambo haya huletwa na vicheko vyake: Ulaya gani hii?

Kicheko hicho kinanikera, na si kwa sababu nawapenda Wajerumani kupita kiasi. Kinanikera kwa kuwa kinamchukulia mzee huyu kuwa amechelewa. Mimi naona alishatangulia, akafika huko tunakokwenda sisi, akarudi.

Tunaishi Grünau, magharibi mwa Leipzig. Mtaa huu ulianza kujengwa mwaka 1976, enzi za Ujerumani Mashariki, kwa kuta za zege zilizomwagwa kiwandani kisha zikaja kupandishwa na kuunganishwa hapa kwa winchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliishi humu watu wapatao 85,000, na majumba yalikuwa ya kutamaniwa: maji ya moto, choo cha ndani, joto linalokuja lenyewe kwenye bomba, wakati nyumba za kale za katikati ya mji zilikuwa zinavuja na wenyewe wanabeba makaa kupanda nayo ngazi. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, walioweza wakahama, na baadhi ya majumba yakabomolewa. Mimi nililelewa Kikwajuni, Unguja, kwenye majumba yaliyojengwa kwa msaada wa nchi hiyo hiyo baada ya Mapinduzi ya 1964. Ramani si moja, ila mkono ni ule ule: ngazi zile za zege, vibaraza vile vyembamba, ukuta unaopitisha sauti ya sahani za jirani. Aliyekuja kunionesha fleti hii aliniomba radhi kwa ubaya wa jengo. Nilitia saini siku hiyo hiyo.

Lifti hakuna, kwani majumba ya ghorofa tano au sita enzi zile hayakuwekewa. Kwa hiyo namchukulia mzee kreti zake za maji hadi juu, naye hunilipa kahawa na maoni. Maoni anayo juu ya kila kitu. Tunaitana kwa majina ya ukoo na kwa heshima zote, mithili ya watu waliokutana jana, na sioni dalili kwamba mmoja wetu atamkaribisha mwenzake kwenye jina la kwanza kabla hajafa. Humu nitamwita Mzee.

Kiangazi maoni yanahamia bustanini. Leipzig ndiko zilikoanzia bustani ndogo za kukodi ambazo Wajerumani wanazipa jina la daktari Schreber. Chama cha kwanza kiliundwa hapa katika miaka ya 1860, Schreber mwenyewe akiwa ameshafariki, na nia ilikuwa kuwapatia watoto wa mjini uwanja wa kucheza. Mboga zilikuja baadaye. Siku hizi kuna sheria ya nchi nzima: kiwanja kisizidi mita za mraba 400, na vyama vinakagua kwamba theluthi moja imepandwa vitu vya kuliwa. Ukizidisha nyasi na viti vya kuotea jua, unaandikiwa barua. Ua una kimo chake. Mchana kuna saa ambazo mashine ya kukatia majani haiwashwi. Mzee analalamikia kanuni hizi mwaka mzima, na kila akichaguliwa kwenye kamati anazisimamia kuliko waliozitunga.

Nilimuuliza: mtu aliyeishi chini ya serikali iliyomfuatilia hadi kwenye sherehe ya kiwanda anakubali vipi kuja kupimiwa ua wa bustani? Akaniambia kanuni ya ua imebandikwa ubaoni pale getini, kila mtu anaisoma, na aliyeiandika ana kiwanja chake safu ya pili, ukitaka unakwenda kumgombeza. Kanuni anayoiogopa yeye ni ile isiyobandikwa.

Faili lake alilisoma mwaka 1993. Sheria ya kufungua nyaraka za Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, ilianza kutumika Desemba 1991, na Januari 1992 raia wakaanza kusoma yaliyoandikwa juu yao. Hadi leo maombi ya watu binafsi yameshapita milioni tatu. Kwenye filamu msomaji wa faili hukutana na siri kubwa ya maisha yake. Faili la Mzee lilikuwa jembamba na la kuchosha. Saa aliyotoka nyumbani. Nani alikuja kumtembelea, na nambari za gari lake. Kwamba mkewe alipokea kifurushi kutoka Hannover, ndani mna sabuni, chokoleti na soksi za nailoni. Na utani alioutoa kwenye sherehe ya kiwanda mwaka 1977, kahawa ilipoadimika nchi nzima na serikali ikaanza kuuza kahawa iliyochanganywa na vitu vingine.

Utani wenyewe si mkali, amenisimulia, hata hauchekeshi sana. Kilichomkaa kooni ni kwamba aliusema mbele ya watu wanne tu, na ripoti ilieleza hadi alivyonyamaza kidogo kabla ya kumalizia. Mwandishi wa ripoti alikuwa na jina la siri. Lakini ukijua walikuwa wanne, na ukajua ni nani kati yao alikuwa akija kucheza naye sataranji kila Alhamisi na kwa hiyo alijua pia habari za soksi, hesabu haina ugumu. Hakumkabili. Alhamisi iliyofuata hakufungua mlango, basi, na hawajazungumza tena.

Ukitaka kuuona ukubwa wa kazi ile, nenda makumbusho ya Runde Ecke katikati ya mji. Ndipo yalipokuwa makao ya Stasi ya Leipzig hadi waandamanaji walipoingia jioni ya tarehe 4 Desemba 1989. Kuna mashine za kufungulia barua kwa mvuke na za kuzigandisha tena. Kuna mihuri ya kughushi, nywele za bandia, ndevu za bandia. Na kuna mitungi ya kioo yenye vitambaa ndani: harufu za watu. Mshukiwa aliitwa kuhojiwa, akakalishwa kwenye kiti, na kitambaa kilichokuwa chini yake kikafungiwa chupani ili siku ikihitajika mbwa anuse na kumtambua. Mara ya kwanza niliicheka ile mitungi, mara ya pili nikaipita haraka. Mwaka 1989 idara hiyo ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wapatao 189,000, katika nchi ya watu milioni 16 na kitu. Nyaraka zilizobaki, ukizisimamisha rafuni moja baada ya nyingine, zinakwenda kilomita 111, mbali na magunia 16,000 hivi ya karatasi zilizochanwachanwa dakika za mwisho.

Mzee ana namna yake ya kuisema hesabu hiyo. Wao, anasema, walihitaji watu karibu laki tatu ili wajue ninanunua nini na ninacheka na nani. Nyinyi mnawapa wenyewe, na intaneti ya kuwapelekea mnainunua kwa pesa yenu.

Si watu wa Mashariki peke yao. Magharibi serikali ilipopanga sensa mwaka 1983, watu walikataa kwa wingi hadi mahakama ya katiba ikaisimamisha, na Desemba ya mwaka huo majaji wakahukumu kwamba mtu ana haki ya kuamua mwenyewe taarifa zake zitolewe na zitumike vipi. Jimbo la Hessen lilikuwa na sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 1970, ya kwanza duniani. Wazee wa pande zote mbili walikuwa na sababu ya zamani kuliko Stasi. Sensa ya Hitler ya mwaka 1939 ilikuja na fomu ya ziada iliyomtaka kila mkaazi aseme kama babu na bibi zake walikuwa Wayahudi. Januari 1942 treni ya kwanza ya Wayahudi wa Leipzig iliondoka kuelekea Riga. Sihitaji mwanahistoria anieleze kwa nini watoto wa kizazi hicho hawapendi fomu.

Kwenye pesa zenyewe ana hoja nyingine, na hii ameirithi kidogo na kuionja kidogo. Bibi yake alikuwa msichana Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilipofika marki trilioni 4.2. Ungedhani watu waliopitia hayo wangezichukia noti. Mzee anasema somo lililobaki nyumbani kwao lilikuwa jingine kabisa: kilichoandikwa mahali na mtu mwingine kinaweza kuamka asubuhi kikiwa si kitu, basi angalau ulichonacho ukione kwa macho. Yeye mwenyewe zamu yake ilikuwa tarehe 1 Julai 1990, marki ya Magharibi ilipoingia Mashariki. Mtu wa umri wake alibadilishiwa akiba ya marki 4,000 moja kwa moja, iliyozidi hapo ilikatwa nusu. Kwa mujibu wa wachumi huo ulikuwa ukarimu, maana marki ya Mashariki sokoni haikufika hata hapo. Mzee hajali wachumi. Anachokumbuka ni kwamba aliilala Juni na kitu na akaiamkia Julai na kitu kingine.

Na kazi ikaenda vilevile. Tarehe 9 Oktoba 1989 alikuwa barabarani kwenye maandamano ya kuipinga serikali, pamoja na watu wengine wapatao 70,000, usiku ambao kila mtu alitarajia risasi. Anasimulia jinsi spika za mji zilizofungwa kwenye nguzo, zile zile za matangazo ya serikali, zilivyosoma wito wa watu sita, mmoja wao Kurt Masur kiongozi wa okestra, ukiomba pande zote zitulie. Risasi hazikupigwa. Ni hadithi anayoisimulia akiwa amesimama. Kisha anakaa na kumalizia nusu ya pili, ile isiyowekewa mnara: viwanda vya serikali vikakabidhiwa Treuhand, wakala wa kubinafsisha, na wakala huo ulipofunga shughuli zake mwisho wa 1994 kiwanda chake kilikuwa kimeshakuwa ghala. Kati ya 1989 na 1998 mji huu ulipungukiwa na watu karibu laki moja. Wanawe wawili ni sehemu ya hesabu hiyo.

Sasa, nisimfanye walii. Mtu huyu asiyetaka benki ijue kanunua nini anayo kadi ya Payback, ile ya kukusanya pointi dukani. Kila pakiti ya maziwa, kila soseji, kila chupa ya sabuni inaingia kwenye kumbukumbu za kampuni kwa malipo ya sehemu ya senti. Nilipomwonesha mgongano huo alifikiri kidogo, akasema Stasi hawakuwahi kumpa pointi.

Vilevile mwaka 2010, Google ilipotaka kuweka picha za mitaa ya miji ishirini ya Ujerumani, zaidi ya kaya 240,000 ziliomba nyumba zao zifichwe, na yake ikiwemo. Kwa ombi la mtu mmoja jengo zima likageuka ukungu. Mimi niliupenda ukungu ule. Ila suala la afya simuungi mkono. Tangu 2025 kila mwenye bima ya serikali anafunguliwa faili la kielektroniki la matibabu asipokataa mwenyewe, na Mzee alikataa kwa barua ya rejesta wiki ya mwanzo. Anameza vidonge vya rangi tatu kutoka kwa madaktari ambao hawajui mwenzao ameandika nini, na orodha ya dawa ipo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya pochi. Siku akianguka ngazini karatasi hiyo ikawa kwenye koti jingine, itakuwaje? Anasema siku hiyo nitapanda mimi kuileta. Amenifanya seva yake.

Nilijaribu kumshinda kwa mfano wa Estonia. Nchi ile nayo ilikuwa chini ya mkono wa Moscow, ikiwa na KGB yake, lakini ikachukua njia nyingine kabisa. Kitambulisho cha kielektroniki tangu 2002, kura kwa intaneti tangu 2005, na raia anaweza kuingia kwenye mfumo akaona ofisa gani amefungua taarifa zake na lini. Mwaka 2007 ilishambuliwa kwenye mitandao kwa wiki kadhaa na bado haikurudi kwenye karatasi. Nikadhani hapo nimemweza. Kama unamwona anayekutazama, si ndiyo ile kanuni iliyobandikwa getini?

Alikubali hoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Kisha akasema Muestonia alijiambia kwamba mpelelezi alikuwa mgeni, na mgeni alipofukuzwa nyumba ikawa safi. Sisi, akasema, mpelelezi alikuwa amekaa upande wa pili wa ubao wa sataranji. Hakuna mpaka wa kumfukuzia. Sina uhakika kama Waestonia wenyewe wangekubali kurahisishiwa historia yao namna hiyo, maana nao walikuwa na watoa habari wao. Lakini nilielewa kwamba hatubishani tena juu ya kompyuta.

Siasa za leo tunazigusa kwa uangalifu. Kwenye uchaguzi wa jimbo letu la Sachsen, Septemba 2024, chama cha CDU kilipata asilimia 31.9 na AfD, chama kinachotaka watu wenye sura kama yangu wapungue, kikapata 30.6. Kwa maneno mengine, nikipanda tramu ya asubuhi, kila mtu wa tatu. Mzee hajaniambia anampigia nani na mimi sijauliza. Najua anachokisema: kwamba Berlin inafanya mambo bila kuwauliza watu, kwamba silaha hazitaleta amani Ukraine, kwamba televisheni zote zinasema kitu kimoja. Kirusi alifundishwa skuli na bado anakumbuka mashairi yake. Kuhusu wakimbizi husema mambo ambayo yananifanya niweke kikombe mezani, kisha anaongeza haraka kwamba wewe ni tofauti. Wanaoishi huku wanalijua hilo neno la faraja lisilofariji. Nimemwambia sipo tofauti na mtu yeyote, ni vile tu ameshanizoea kwa sababu ya kreti za maji. Alikasirika kwa muda mfupi, halafu akanipa mtungi wa matango ya siki.

Historia ya kwetu anaijua kwa vipande. Mjerumani aliyesoma, ukimtajia Zanzibar, anajibu Helgoland, kwa sababu skuli waliambiwa kwamba visiwa hivyo viwili vilibadilishwa. Mkataba wa Julai 1890 haukuwa hivyo, Zanzibar haikuwa mali ya Ujerumani hata iweze kuibadilisha. Ilichofanya ni kukubali kwamba Muingereza aichukue, na watu wa visiwa hawakuulizwa. Na mtu wa kwanza wa Ulaya kufika kilele cha Kilimanjaro, Oktoba 1889, alikuwa Hans Meyer, mchapishaji vitabu wa hapa hapa Leipzig. Mzee husema hayo ni ya Kaisari na mabepari wake, kwani ndivyo Ujerumani Mashariki ilivyowafundisha raia wake, kwamba madhambi ya ukoloni yalibaki upande wa Magharibi. Meyer alichukua jiwe la kilele, akampelekea Kaisari, na likapachikwa ukutani kwenye kasri la Potsdam. Nikamkumbusha Mzee kwamba Potsdam ilikuwa upande wao. Alicheka mpaka akakohoa.

Nilisita kumwambia la Zanzibar yenyewe. Baada ya Mapinduzi, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki wakati nchi nyingi zisizo za kikomunisti zilikuwa zinaiogopa Bonn, serikali ya Ujerumani Magharibi, na shukrani ikaja kwa saruji, madaktari na walimu. Ikaja pia kwa Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, aliyefika Unguja mwaka 1964, na washauri wake wakasaidia kuunda idara ya usalama ya kwetu. Kwa hiyo waliojenga nyumba niliyolelewa na waliowafundisha kazi watu wa usalama walitoka nchi moja. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba enzi za Karume barza ikinyamaza ghafla, usigeuke kutazama nani anapita. Nilipomsimulia Mzee hayo, hakuwa na utani. Aliuliza swali moja: na nyinyi mafaili mlifunguliwa lini?

Hapo ndipo tunapoachana, mimi na wale wanaocheka kwenye makundi. Huku ilitokea Januari 1992, raia wakakaa mezani na miwani yao wakasoma. Kwetu haikutokea. Tulirithi kunyamaza bila kuonyeshwa karatasi, na mtu asiyeonyeshwa karatasi anaweza kudhani haikuwepo. Mei 2019 Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, watu walipanga foleni hadi Januari 2020, na manung'uniko niliyoyasikia kutoka nyumbani yalikuwa juu ya jua, foleni na nambari za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, zinazochelewa. Alama zinakaa wapi, nani anaziona, zikivuja unazibadilishaje, barza nzima haikuwa na swali. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kazi Mei 2023, vidole vikiwa vimeshachukuliwa. Wakenya walikuwa wabishi zaidi. Walikwenda mahakamani kuhusu Huduma Namba, mpango wa serikali wa kitambulisho cha kidijitali, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema serikali ilianza kugawa kadi kabla ya kupima hatari zake kwa taarifa za watu. Jaji yule wa Nairobi na majaji wale wa Ujerumani wa 1983 wangeelewana bila mkalimani.

Kusema kweli mimi nalipa kwa simu. Mama anatumiwa pesa kwa simu na zinafika kabla sijavua viatu, na sitaki kurudi kwenye enzi za kumpa bahasha abiria wa ndege. Bahasha za Mzee si mpango wa nchi, ni mpango wa mtu mmoja. Ila swali lake la mafaili lilinitoa kitini.

Nina ami yangu aliyekuja kusoma huku katika miaka ya 1970. Alijifunza Kijerumani hapa Leipzig kwenye taasisi ya Herder, akaenda kusomea ufundi Dresden, akafanya mazoezi kiwandani, akarudi Unguja na sahani ya santuri na koti la manyoya ambalo halikuvaliwa tena. Haki ya kuomba faili haiwahusu Wajerumani tu, hata mgeni anaruhusiwa, na ni bure. Unajaza fomu, unathibitisha kwamba ni wewe kweli, unangoja. Mzee ndiye aliyenihimiza. Nikamtumia ami fomu kwa WhatsApp na maelezo marefu ya sauti, nikamwambia atafute ofisi ya kumthibitishia kitambulisho, mengine nitafanya mimi.

Alikaa kimya siku kadhaa, kisha akajibu kwa sauti, nyuma yake nasikia dhumna zinapigwa mezani. Anasema walikuwa Wazanzibari kumi na kitu kwenye bweni lile. Wengi wameshatangulia mbele ya haki. Waliobaki watatu ndio hawa anaocheza nao kila baada ya alasiri, na umri alionao si wa kutafuta watu wapya wa kucheza nao. Fomu hiyo niiweke. Isipokuwa, kama niko karibu na hizo ofisi, niwaulize habari ya zile pesa walizokuwa wakikatwa kiwandani, kwa sababu waliambiwa ni za pensheni.

Nimemwambia nitauliza. Mzee anasema barua kama hiyo ipelekwe kwa rejesta.